ZOEZI LA KUOKOA WATU LISIWE LA WAGANGA PEKE YAO



Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malaba yapita Webuye, mlangoni petu hapa Matulo, na ile ya Kitale yaungana nayo papo hapo. Usiku na mchana twaona matangi ya petroli yakielekea Uganda, matrela ya miwa, na mabasi yaliyojaa watu. Ajali ikitokea, nani hufika kwanza? Si daktari. Ni utingo, mpakia miwa, kijana wa bodaboda na mama wa sokoni.

Tukumbuke Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kushika moto hata mbali na tangi. Jambo hilo lafaa lijulikane na kila mtu aishiye kando ya barabara, si na waganga tu.

Mazoezi ya maafa ni kazi njema. Huonyesha kasoro kabla damu haijamwagika: simu isiyopokelewa, machela pungufu, gari lisilo na mafuta. Watu hujilaza chini kama majeruhi, kila mmoja ana kadi ya jeraha lake. Waganga huwagawanya kwa rangi. Nyekundu atibiwa mara moja. Manjano aweza kungoja kidogo. Kijani aweza kutembea. Nyeusi amekwisha kufa au hana tumaini. Apigaye kelele bado anapumua. Aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza.

Haya mfanya kazi aweza kuyashika kwa siku moja. Basi wasituite kulala chini tu na kupigwa picha. Watuite kujifunza.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza, apange njia ya kuwatoa watu penye hatari, na aijaribu mara kwa mara. Penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na sisi tuwe na wajumbe wetu ndani yake. Tajiri asiseme zoezi lapoteza wakati.

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Zoezi lifanywe saa za kazi, na mshahara usikatwe.
2. Madereva, wapakiaji na vijana wa bodaboda waitwe pamoja na waganga wa hospitali ya Webuye. Kiwanja cha ndege cha Matulo chafaa kwa kazi hiyo.
3. Kasoro zote ziandikwe, zisomwe mbele ya kamati, na itajwe siku ya kuzirekebisha.

Wiki hii kila mjumbe aulize mahali pake pa kazi: Sanduku liko wapi? Ufunguo ana nani? Zoezi la mwisho lilifanywa lini? Asipojibiwa, alilete jambo hilo mkutanoni, nasi tutalichukua.