Wazee wetu hospitalini: waulizwe nguvu zao, si umri tu

Januari 2022 mama yangu aliingia hospitalini kwa miguu yake akiwa na virusi vya corona. Baada ya siku tisa kipimo kilionyesha kwamba virusi vimekwisha, na mama akatoka amebebwa na vijana wawili. Kwenye karatasi ya kumruhusu iliandikwa kuwa amepona.

Ndugu msomaji, sina nia ya kuitaja hospitali ile. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na mmoja wao sikumwona akiketi hata siku moja. Lakini neno hilo, amepona, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili kabla ya kuugua, mama alikuwa bado anapeleka mawese sokoni hapa Nyanza-Lac. Kidumu cha lita tano, si cha ishirini kama zamani. Alikuwa amepungua mwili tangu kiangazi, alipumzika mara mbili njiani, na akishaketi ilibidi ashike ukuta ili ainuke. Sisi nyumbani tulisema ni uzee. Hospitalini walimwuliza umri, wakauliza kama ana sukari au presha, wakampima joto. Hakuna aliyeuliza anainukaje kwenye kiti, nami mwanawe sikulisema, kwa kuwa sikujua kwamba lina maana.

Lina maana kubwa. Madaktari wa wazee wana jina la hali hiyo. Mimi kwa Kiswahili nitaiita unyonge wa uzeeni. Si ugonjwa mmoja, wala si wingi wa miaka. Ni akiba ya mwili kupungua: misuli, mapafu, moyo, figo, ubongo, kila kimoja kimebakiwa na kidogo, na siku zikiwa shwari mtu huonekana mzima kabisa. Kirusi kikiingia, kijana anachota kwenye akiba. Mzee mnyonge hana pa kuchota. Ndipo mafua yanamwangusha, kuanguka kunamlaza, na kulala kunammaliza.

Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walitoa kipimo cha unyonge huo kisichohitaji mashine wala tone la damu. Leo kina ngazi tisa. Ngazi ya 1 ni mtu mwenye nguvu zake, ya 5 ni yule anayehitaji msaada kwenda sokoni na kufanya kazi nzito za nyumbani, ya 7 ni anayeogeshwa na kuvishwa, ya 9 ni aliye karibu na mwisho wa maisha. Mgonjwa akiletwa hospitalini, huulizwa hivi: wiki mbili kabla ya kuugua alikuwaje? Hapimwi kwa hali ya leo, maana leo yu hoi, na mgonjwa yeyote akiwa hoi ni mnyonge. Nikihesabu sasa, mama alikuwa ngazi ya 4: hamtegemei mtu, lakini mwendo umepungua na uchovu haumtoki.

Corona ilikipa kipimo hiki mtihani mkali. Mwaka 2020 hospitali kumi za Uingereza na moja ya Italia zilifuatilia wagonjwa 1,564 waliolazwa kwa ugonjwa huo. Karibu nusu yao walikuwa wanyonge, na 425 walifariki. Ilionekana kuwa unyonge unatabiri nani yuko hatarini kuliko umri peke yake, au orodha ya maradhi aliyonayo mtu. Mzee wa miaka 80 anayelima anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko wa miaka 68 asiyeweza kujiogesha.

Tatizo la pili ni kwamba mzee mnyonge haugui kama vitabu vinavyosema. Joto la mwili wake kwa kawaida huwa chini kidogo kuliko la kijana, hivyo homa yake inaweza isifike nyuzi 38. Kikohozi kinaweza kisiwepo. Badala yake anaanguka, anakataa kula, au anaweweseka. Kati ya wazee 817 wenye corona waliofika idara za dharura nchini Marekani mwaka 2020, asilimia 28 walifika wakiwa wamevurugika akili. Mama yangu alikuwa akiita majina ya majirani zetu wa Ulyankulu na kuuliza kama lori limefika. "Mwalimu, huu ni uzee tu," nikaambiwa. Dada yangu, siku tatu kabla ya hapo mzee huyu alinitajia deni la kila mteja wake wa mawese bila kukosea hata faranga moja! Uzee hauji kwa siku tatu. Akili ya mzee ikivurugika ghafla, hiyo ni dalili, na itibiwe kama dalili.

Sasa nije kwenye kitanda, maana hapo ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la kuwalaza kitandani siku kumi wazee wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na kirusi, na walikuwa wakila vizuri. Mama alilala siku tisa akiwa na kirusi na anakula vijiko vitatu. Fimbo na ndala zake nilipewa nirudi nazo nyumbani. Nami nilitolewa wodini kwa sababu ya maambukizi, amri ambayo siipingi. Ninachouliza ni nani aliyewekwa mahali pangu. Sote tunajua kwamba katika hospitali zetu anayeuguza ndiye anayelisha, anayegeuza, anayesafisha. Ukimwondoa, kikombe cha maji kinabaki mezani, mkono wa mgonjwa haukifikii, na mzee hasemi kwamba ana kiu, kwa kuwa uzeeni kiu nayo hupungua. Uji akinyweshwa amelala chali unaweza kuingia mapafuni. Asipogeuzwa anapata vidonda vya mgongo.

Dawa ya hayo yote haiuzwi duka la dawa. Mwaka 1999, katika hospitali moja ya New Haven, Marekani, Sharon Inouye na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi, wenye maradhi mbalimbali. Waliosaidiwa kunywa, kutembea, kuvaa miwani yao, kulala usiku bila bughudha na kukumbushwa leo ni siku gani, waliovurugika akili walikuwa asilimia 9.9. Kwa waliohudumiwa kama kawaida ilikuwa asilimia 15. Hakuna kilichofanyika pale ambacho shangazi yetu yeyote hawezi kukifanya, akivalishwa barakoa na kuonyeshwa namna ya kunawa mikono.

Ipo hatari moja nisiyotaka kuificha. Machi 2020 Uingereza ilianza kukitumia kipimo cha unyonge katika kuamua nani apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi, na katika siku chache ikalazimika kufafanua kwamba kisitumike kwa vijana wala watu wenye ulemavu wa muda mrefu. Kipimo kinachoweza kumwongezea mzee uangalizi kinaweza pia kumnyima kitanda. Wizara wakikileta kwetu, kije kwa sababu ya kwanza.

Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Uamuzi ule uliokoa wengi. Mzee hakuwemo. Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tumeona nchi yenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitali zenye dirisha la wazee. Kasoro zilikuwepo, tena nyingi, lakini dirisha lile lilimwambia mzee kwamba alitarajiwa kufika.

Nanyi ndugu zangu wa Mugina, Kobero na Gatumba, mnaovuka kila wiki: virusi vya mafua havilipi ushuru. Ukirudi na kikohozi, mzigo wa bibi mwachie mlangoni. Wengi wetu tuna ndugu waliobaki ng'ambo na kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, na mzee amebaki huku na mjukuu wa miaka kumi. Siku akiugua, mjukuu huyo ndiye atakayeulizwa maswali ya daktari.

Mama yupo. Anafika hadi kwenye mwembe kwa fimbo. Sokoni haendi tena. Kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kitambulisho chake, nimeweka kadi niliyoandika kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa: anajiogesha mwenyewe, anatembea na fimbo, anatumia miwani, sikio la kushoto halisikii, dawa zake ni hizi, akili yake ni timamu. Kila mwisho wa mwezi naisoma upya na kubadilisha tarehe.