Pikipiki Inaposhindwa na Mlima

Bwana mmoja wa mifugo aliyefanya kazi katika milima ya Nyandarua alikuwa na pikipiki ndogo ya mapigo mawili, na kwa pikipiki hiyo alipeleka mbegu za fahali kwa wafugaji. Kazi hiyo haingoji. Ng'ombe anayeonekana kuwa na joto asubuhi yapasa apewe mbegu jioni ya siku ile ile. Saa zake zikipita, mwenye ng'ombe hana budi kungoja siku 21 hivi, na kila siku ya kungoja ni hasara ya maziwa. Jioni moja pikipiki ya bwana huyo ilikataa mlima. Injini iliwaka kwa kiki moja, nayo ilinguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini kila alipozungusha mkono wa mafuta nguvu haikuja. Alifika kwa mfugaji usiku sana, akiisukuma, na baada ya wiki tatu ng'ombe yule akaonekana kuwa na joto tena.

Bwana huyo akaenda kwa fundi wa sokoni. Fundi hakuuliza neno. Aliposikia ya kuwa pikipiki haina nguvu, aliagiza pistoni mpya na ringi mpya. Mshahara ukaenda, vyombo vikafungwa, na pikipiki ikawa vile vile. Ndipo alipomwendea mzee mmoja aliyejulikana kwa kazi hiyo, naye hakushika spana kwanza, bali aliuliza maswali.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kila ugonjwa wa injini una wingu lake. Kusema "haina nguvu" ni sawa na kumwambia daktari "naumwa". Daktari atauliza ni wapi, tangu lini, na kabla ya chakula au baadaye. Vivyo hivyo mwenye pikipiki yampasa awe na majibu matatu kabla ya kufungua hata nati moja: nguvu hupotea wakati gani, hupotea ghafula au pole pole, na ni kitu gani kilichobadilishwa kabla ya shida kuanza.

JINSI INJINI HII INAVYOPUMUA

Injini ya mapigo mawili haina vali za juu kama ile ya mapigo manne. Pistoni yenyewe hufanya kazi ya mlango. Ikipanda, huvuta hewa iliyochanganyika na petroli kutoka kabureta mpaka chumba cha chini, penye krankishafti. Ikishuka, huisukuma hewa hiyo ipite katika njia za pembeni mpaka juu ya silinda, na wakati ule ule huacha wazi tundu la kutolea moshi. Kwa hiyo hupata moto katika kila mzunguko, ilhali injini ya mapigo manne hupata moto mara moja katika mizunguko miwili. Ndiyo sababu injini ndogo ya namna hii ilipendwa katika nchi nyingi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, muundo wa DKW RT 125 ya Ujerumani ulifuatwa na Waingereza walipotengeneza BSA Bantam mwaka 1948, tena na Yamaha ya Japani ilipotoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, mwaka 1955.

Lakini faida hiyo ina deni. Kwa kuwa chumba cha chini na bomba la moshi ni sehemu za mapafu yake, ufa mdogo kule chini au uchafu kule nyuma huiondolea injini nguvu, hata kama pistoni na ringi zimetoka dukani jana. Anayeitazama kama injini ya mapigo manne atatafuta ugonjwa mahali usipokuwapo.

JE, NI INJINI KWELI?

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mkosa ni injini. Pikipiki iinuliwe kwa stendi, gia itolewe, na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likisimama mara moja, breki inashika, au mnyororo umekazwa kupita kiasi. Kisha, barabarani, sauti isikilizwe. Ikiwa injini inapaza sauti kwa kasi lakini mwendo hauongezeki, nguvu ipo, ila inapotea katika klachi inayoteleza. Makaguzi haya hayana gharama, na yamewaokoa watu wengi na kununua pistoni wasiyoihitaji.

Ikiwa gurudumu na klachi ni salama, swali la wakati ndilo la kuuliza. Pikipiki inayokwenda vizuri kwa dakika chache, kisha ikafa, kisha ikawaka tena baada ya kupumzika, mara nyingi inakosa petroli. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingiza hewa, na tundu hilo likizibwa na vumbi petroli hushindwa kushuka. Kifuniko kifunguliwe pale pale ilipofia: ikiwaka na kwenda vizuri, ugonjwa umejulikana. Ikiwa bado, injini ikipoa, mpira wa petroli utolewe penye kabureta na koki ifunguliwe juu ya chupa safi, mbali na moto. Petroli yapasa kutiririka bila kukatika. Ikiwa yatiririka vema, lakini injini hufa kila ipatapo joto, basi cheche za plagi zitazamwe mara tu inapokufa, maana koili au kondensa iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi na kukataa ikiwa moto.

Pikipiki inayodhoofika pale tu mkono wa mafuta unapofunguliwa mpaka mwisho ina habari nyingine. Wakati huo petroli hupimwa na jeti kubwa ya kabureta. Mkono ukiwa katikati, hupimwa zaidi na sindano; ukiwa karibu kufungwa, na jeti ndogo. Kwa hiyo mahali nguvu inapopotea huonyesha mahali pa kutazama. Mafundi wana jaribio la zamani: pikipiki ikiwa dhaifu kwa moto wote, choki ivutwe kidogo. Ikipata nafuu, inakosa petroli. Ikizidi kudhoofika, petroli imezidi hewa, na chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu ndilo la kushukiwa kwanza.

Plagi nayo ni shahidi. Baada ya kupanda mlima kwa moto wote, injini izimwe papo hapo na klachi ivutwe, kisha plagi itolewe kwa uangalifu, kwa maana ina joto kali. Rangi ya kahawia, kama chai yenye maziwa, ni dalili njema. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli au oili iliyozidi. Nyeupe kama chokaa huonyesha joto lililozidi, nayo haifai kudharauliwa hata siku moja.

Kuna magonjwa mawili ya kule chini. Sili ya krankishafti upande wa umeme ikichakaa, chumba huvuta hewa isiyopita katika kabureta: injini hukimbia yenyewe hata mkono wa mafuta ukifungwa, na plagi huwa nyeupe. Sili ya upande wa klachi ikichakaa, injini hunywa oili ya giaboksi: moshi mzito hutoka, na oili hupungua ingawa hakuna tone chini ya pikipiki.

HATARI YA NGUVU YA UONGO

Injini inayokosa petroli kidogo huweza kwenda kwa wepesi wa kufurahisha kwa muda mfupi. Hapo ndipo watu hudanganyika. Hewa inapozidi, joto hupanda, pistoni hupanuka, na mwisho hukwama katika silinda. Gurudumu la nyuma hufunga, na mpandaji huweza kutupwa barabarani. Aliyesikia nguvu ikipungua ghafula kwa moto wote, pamoja na mlio kama wa kokoto katika mkebe, afunge mkono wa mafuta na kuvuta klachi bila kungoja.

Karani aliyehamishwa kutoka Nyahururu kwenda Mombasa yampasa alijue jambo hili. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwa sababu hiyo fundi wa huko huenda ametia jeti ndogo ili petroli isizidi hewa. Kule pwani hewa ni nzito, na jeti ile ile itakuwa ndogo mno. Afikapo Mombasa, na arudishe jeti iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji kabla ya kukimbia. Naye atokaye pwani kwenda juu asishangae kuona nguvu imepungua: Nairobi, penye mita 1,700 hivi, injini hupata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, wala hakuna ringi mpya itakayoiondoa tofauti hiyo.

Petroli yenyewe huweza kuwa mbovu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio ule ule wa kokoto na joto lile lile. Uovu huo ulienea hata Serikali ya Kenya ikaweka ushuru maalum juu ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuwavunja moyo wachanganyaji.

MZEE ALIVYOPATA JIBU

Bwana wa mifugo alijibu maswali matatu ya mzee. Nguvu ilipotea pole pole kwa muda wa miezi. Injini iliwaka kwa urahisi, lakini ilikataa kuongeza mwendo, kana kwamba imezibwa pua. Tena, hakubadilisha kitu, ila aliipenda pikipiki yake. Mzee akauliza maana ya kuipenda. Kitabu kilisema oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Yeye alitia karibu mara mbili, akidhani ya kuwa oili nyingi huilinda injini.

Mzee hakuuliza zaidi. Alifungua bomba la moshi, na tazama, tundu la kutolea moshi lililopasa kupitisha kidole gumba lilikuwa limebaki kama la penseli, kwa masizi magumu ya oili iliyoungua. Aliivua silinda, akayakwangua masizi kwa kijiti laini ili asiuchubue ukuta wa silinda, akasafisha bomba lote, akafunga na gasketi mpya. Gasketi hiyo peke yake ndiyo iliyonunuliwa. Akamweleza tena ya kuwa oili ikizidi katika tangi, petroli hupungua katika kila mvuto, hata injini yenye oili nyingi ikaweza kuungua kwa kukosa petroli.

Jioni ile pikipiki ilipanda mlima kwa gia ya tatu. Pistoni ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bwana huyo aliitia mfukoni akaenda nayo nyumbani. Siku ya pili alinunua daftari ndogo na chupa yenye alama za mililita, akaviweka katika mkoba mmoja na spana ya plagi. Kila atiapo petroli huandika tarehe, kipimo cha oili na rangi ya plagi, na ikitokea mlima ukawa mzito tena, atakuwa na la kumjibu fundi kabla fundi hajashika spana.