Mizizi ya Nguvu Nayo Ipimwe

Jioni katika stendi za Kakamega, Busia na Nairobi hutakosa muuza njugu ambaye upande mmoja wa kikapu chake umejaa mizizi. Imeoshwa, imekatwa vipande na kufungwa mafungu mafungu. Ni mukombero. Anayeujua haulizi unatumikaje: anakwangua udongo uliosalia kwa kucha, anang'ata ganda, anatafuna polepole. Uchungu hutangulia, utamu ukafuata, na harufu yake iko karibu sana na vanila. Dereva wa safari za usiku anaununua ili akeshe, mzee anaununua ili apate hamu ya kula, na wapo wanaoununua kwa ajili ya nguvu za kiume. Waganda wanauita mulondo, na sifa wanazoupa ni zizo hizo.

Hatua chache kutoka hapo, duka la dawa linauza kapsuli za mimea ya ashwagandha, rodiola na jinsengi kwa bei ambayo dereva yule haiwezi. Kopo linaahidi kupunguza msongo wa mawazo na kuongeza nguvu. Toleo hili linazungumzia mzizi wa kikapuni na kapsuli ya kabatini kwa pamoja, kwa sababu hoja yangu ni moja kwa vyote viwili. Mmea wenye uwezo wa kubadilisha mwendo wa mwili ni dawa, na dawa hupimwa. Kuwa cha asili hakukiondolei kitu kipimo. Kufungwa vizuri na kuvushwa bahari hakukiondolei pia.

Wazo la kuiweka mimea hii katika kundi moja, adaptojeni, lilizaliwa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1947 mwanasayansi Nikolai Lazarev alipendekeza kwamba zipo dawa zinazouongezea mwili uwezo wa kustahimili shida za kila aina. Israel Brekhman wa Vladivostok aliliendeleza wazo hilo kwa miaka mingi, akichunguza jinsengi na mmea wa misitu ya Siberia uitwao eleutherokoka. Tukumbuke nia ya kazi ile. Dola ilitaka mabaharia, wanajeshi na wafanyakazi wa viwandani wavumilie zaidi na wazalishe zaidi. Mwaka 1969 Brekhman na mwenzake Dardymov waliweka sifa za mmea wa kundi hili, na mojawapo ni kwamba usimdhuru mtumiaji. Ni sharti zuri, lakini halitimii kwa kuandikwa. Mwaka 2008 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia hoja yote na kuamua kwamba adaptojeni bado si istilahi ya kukubalika katika tiba, kwa kuwa ushahidi haujatosha.

Hilo halimaanishi kwamba mimea hii ni maji matupu. Mwili ukibanwa na hofu au kazi, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya kotisoli. Hali hiyo ikidumu, usingizi hupotea na hasira huwa karibu. Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha jaribio la watu wazima 64 wenye msongo. Nusu walipewa miligramu 300 za kiini cha mzizi wa ashwagandha mara mbili kwa siku, nusu nyingine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya siku 60, waliotumia mzizi walisema wametulia zaidi, na kotisoli katika damu yao ilishuka kwa zaidi ya robo. Jaribio ni dogo na muda wake ni mfupi, ila matokeo yake yanastahili kuheshimiwa. Lakini kilichopimwa ni kiini kilichojulikana uzito wake, kwa watu waliochunguzwa tangu mwanzo hadi mwisho. Unga unaopimwa kwa kijiko sokoni haurithi matokeo hayo.

Na chenye uwezo wa kutuliza kina uwezo wa kudhuru. Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walieleza habari za wagonjwa watano walioumia ini baada ya kutumia ashwagandha: macho ya manjano, mwili kuwasha, wiki kadhaa tu tangu waanze. Wote walipona. Mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku mmea huo. Unaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo, kuzidisha nguvu ya dawa za usingizi, kushusha sukari na presha kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye vidonge vya kushusha, na mjamzito hashauriwi kuugusa. Ashwagandha huota yenyewe porini Kenya na Tanzania, hivyo nawasihi wasomaji wasikimbilie kuing'oa kando ya njia baada ya kusoma kurasa hizi.

Hapa nina neno na madaktari wetu. Mgonjwa wa presha anayetafuna mzizi au kumeza unga kila asubuhi mara nyingi hasemi, kwa kuwa anajua atakaripiwa mbele ya foleni. Anakaa kimya, dozi inaongezwa, naye anaanguka bafuni. Swali la "unatumia dawa gani nyingine, na za mitishamba?" liulizwe kwa upole, na jibu liandikwe kwenye faili kama dawa nyingine yoyote. Mwenye kopo au fungu la mizizi alibebe aende nalo kliniki.

Turudi kwa mukombero. Watafiti wa Cameroon waliwapa panya madume maji ya mzizi huu. Katika kazi yao ya mwaka 2001, panya waliopewa kwa muda mrefu walipungukiwa uwezo wa kuzalisha, ukarudi walipoachishwa. Katika kazi ya mwaka 2004, panya waliopewa kwa siku chache homoni yao ya kiume ilipanda. Panya si binadamu, lakini tazama jambo lenyewe: mzizi uleule, na muda wa kuutumia ukaleta tofauti kubwa kiasi hicho. Kijana anayeutafuna kila siku mwaka mzima akitumaini nguvu ana haki ya kujua mwili wake umo katika hali ipi kati ya hizo mbili. Leo hakuna wa kumjibu.

Wala mzizi usitumiwe kuficha dhuluma. Muuguzi anayefanya zamu mbili mfululizo kwa sababu wodi haina watu hana upungufu wa mitishamba. Mwajiri anayegawa vidonge vya nguvu badala ya siku ya mapumziko anarudia hesabu ileile ya Kisovieti. Na uchovu usiokwisha baada ya kulala huweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu au sonona, na kila kimoja kina kipimo chake hospitalini.

Uwezo wa kupima tunao. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili ambayo chimbuko lake ni mwaka 1974, na Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002. Ninachokidai ni jaribio la mukombero kwa watu: dozi inayojulikana, kundi la kulinganisha, ini na homoni zikichunguzwa, na matokeo yakitangazwa kwa Kiswahili hata kama yatawaudhi wauzaji. Mmea huu hung'olewa na mizizi yake, na msitu wa Kakamega umeshaumia kwa hilo. Kwa hiyo mizizi ya utafiti inunuliwe kwa wakulima wanaoupanda shambani. Wasan wa kusini mwa Afrika walisubiri hadi mwaka 2003 kupata mkataba juu ya mmea wa hoodia, miaka kadhaa baada ya maarifa yao kuwekewa hataza bila wao kuulizwa. Wakulima na wazee wa Magharibi mwa Kenya waliotufundisha mukombero wawe wametia saini kabla ya mzizi wa kwanza kufika maabara.