Wekundu wa bitiruti si wekundu wa damu

Mwezi uliopita alifika kliniki mama mwenye ujauzito wa wiki 28, mkazi wa Kariakoo, mkononi ameshika chupa ya juisi ya bitiruti. Wekundu wake wa damu ulikuwa gramu 7.4 kwa desilita, ilhali mjamzito hutakiwa kuwa na 11 au zaidi. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki alikuwa ameviacha kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Badala yake alikunywa gilasi mbili za juisi kila siku, aliyoinunua Mtaa wa Kongo. Nilipomuuliza ni nani aliyemshauri, alijibu: "Si nyinyi wenyewe, daktari?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilipokuwa daktari kijana, nami niliwahi kutoa ushauri huohuo.

Nadhani tumeponzwa na lugha. Kipimo cha himoglobini tunakiita wekundu wa damu, basi kila kinywaji chekundu huonekana dawa: bitiruti, rozela, hata soda. Rangi ya bitiruti hutokana na betalaini, ambayo haina chuma. Ndiyo inayoweza pia kuupa mkojo wekundu na kumshtua mnywaji. Gramu 100 za bitiruti zina miligramu 0.8 hivi za chuma. Mjamzito huhitaji takribani miligramu 27 kwa siku, kwa hiyo angelazimika kula zaidi ya kilo tatu.

Chungwa lina chuma kidogo zaidi, miligramu 0.1 hivi. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kimoja, nitachagua chungwa la Muheza linalomenywa kwenye mkokoteni. Chuma cha maharage na mchicha hufyonzwa kwa shida utumboni. Vitamini C ya chungwa, miligramu 50 hivi kwa gramu 100, hurahisisha kazi hiyo. Sharti liliwe pamoja na mlo wenyewe, si saa tatu baadaye. Chai hufanya kinyume chake, nasi watu wa mjini hatujui kumaliza mlo bila chai.

Bitiruti haikosi faida. Ina foleti, na naitrati zake huweza kushusha kidogo shinikizo la damu. Lakini potasiamu yake ni nyingi, hivyo mgonjwa wa figo asiinywe kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kwa damu ya 7.4, hata chungwa haliwezi kuchukua nafasi ya vidonge. Wahudumu wenzangu, mgonjwa akilalamika kuwa vidonge vinamchafua moyo, tusimpeleke sokoni. Avimeze baada ya chakula cha usiku, kabla ya kulala, na aambiwe mapema kuwa choo kitakuwa cheusi, asije akaogopa. Tumpime pia malaria na minyoo.

Mama yule alikubali kurudia vidonge, ila akaomba asinyang'anywe juisi yake. Tulipatana gilasi moja, mbali na mlo wa maharage wenye chungwa. Atapimwa tena baada ya wiki nne.