Kifusi cha halmashauri nne, mtambo mmoja

Ukibomoa nyumba ya zamani hapa Sumbawanga, iwe Majengo au Katandala, tofali la kwanza linakuambia kazi itakuwaje. Kama ukuta ulijengwa kwa udongo, tofali linatoka zima. Unalikwangua kwa panga pande zote, unaligonga kwa mpini. Likitoa mlio mkavu unaliweka kwenye fungu la kujengea. Likitoa sauti butu limepasuka ndani, nalo linakwenda kwenye fungu la kifusi. Ukuta uliojengwa kwa saruji hauna subira hiyo. Tofali linavunjika kabla saruji haijaachia, na jioni karibu kila kitu ni kifusi.

Nimefanya uashi tangu nikiwa saidia fundi, na nimeona mafungu hayo mawili yakibadilishana ukubwa. Nyumba za wazee wetu zilituachia tofali nzima za kujengea jiko, choo, hata nyumba nyingine. Hizi za sasa zenye ripu, jamvi la zege na renta ya nondo zinatuachia kifusi. Bati kuukuu lina mteja. Mbao za kenchi zina mteja. Nondo inachukuliwa na watu wa vyuma chakavu kabla vumbi halijatulia. Kifusi ndicho kinachobaki bila mwenyewe.

Kidogo kinaziba mashimo ya mitaani, na hilo ni jema. Kingine kinamwagwa kwenye korongo usiku. Ufipa yetu ni nchi ya juu yenye miteremko miwili: upande mmoja maji yanashuka Ziwa Rukwa, upande mwingine Ziwa Tanganyika. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, kilichotupwa korongoni kinaanza safari na udongo wetu wa shamba.

Na huku tukitupa, tunanunua. Saruji yetu nyingi inapanda kutoka upande wa Mbeya kupitia Tunduma, zaidi ya kilomita 200 za lori. Kokoto zinagongwa kwa nyundo na kina mama waliokaa juani kutwa. Tofali mpya zinachomwa kwa kuni katika nchi ambayo sehemu kubwa ni nyasi tupu, na msitu wa Mbizi, anakoishi mbega mwekundu, unatazamwa kwa jicho la tanuri.

Kifusi cha zege kinaweza kurudi kazini, na si kwa kukisia. Watafiti walichukua kifusi kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji Dar es Salaam, wakakisaga kuwa kokoto, wakakichekecha, wakafyatulia bloku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kokoto hizo zilikuwa dhaifu kuliko za mawe ya asili, lakini sehemu kubwa ya bloku zilifikia kipimo cha kubeba mzigo kinachotakiwa nchini, niutoni 7 kwa kila milimita ya mraba. Umoja wa Ulaya ulikwisha kujiwekea lengo mwaka 2008 kwamba ifikapo 2020 asilimia 70 ya taka zisizo hatari za ujenzi na ubomoaji zitumike tena au zirejelezwe. Sisi hatuhitaji kuanza na asilimia. Tunahitaji mtambo wa kusaga.

Hapo ndipo mipango mingi ya aina hii inapofia. Manispaa ya Sumbawanga peke yake haibomoi vya kutosha kuulisha mtambo mwaka mzima. Kalambo peke yake ndiyo kabisa. Mtambo uliolala unakula fedha za vipuri na mlinzi bila kutoa toroli moja ya kokoto. Lakini ziunganishe halmashauri zote nne za mkoa wetu wa Rukwa, yaani Manispaa, Sumbawanga Vijijini, Kalambo na Nkasi, hesabu inabadilika. Jiografia yenyewe imetusaidia: barabara tatu zinakutana mjini hapa, ya Tunduma kupitia Laela, ya Kasanga kupitia Matai, na ya Mpanda kupitia Chala na Namanyere. Mtambo wa magurudumu unaweza kuzunguka barabara hizo wakati wa kiangazi, ukae kwenye yadi ya kila halmashauri kwa zamu, usage kilichokusanywa, uondoke. Katavi nao, tuliokuwa nao mkoa mmoja hadi mwaka 2012, wakaribishwe.

Mnunuzi wa kwanza yupo. Wakala wa barabara, TARURA na TANROADS, wanahitaji tabaka la chini la barabara kila mwaka, na kifusi kilichosagwa na kuchekechwa vizuri kinalifaa tabaka hilo.

Halafu tuvuke mpaka. Walungu na Wamambwe wako huku na wako Mbala, Zambia. Harusi na misiba inapita mpakani Kasesya kila wiki. Tanzania, Zambia, Kongo na Burundi zilitia saini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mchanga na matope yanayoingia ziwani ni mambo unayoyagusa waziwazi. Kifusi cha Mbala na cha Matai kinaweza kushuka ziwa lile lile. Sioni kwa nini wahandisi wa pande mbili wasikubaliane vipimo vya kokoto hizi, na mtambo ukatumika pande zote mbili.

Nina masharti mawili, na sitayalegeza. La kwanza ni tetemeko la ardhi. Desemba 13, 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa karibu 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo kokoto za kifusi ziende kwenye barabara, jamvi, uzio na bloku zilizopimwa. Nguzo na renta zibaki na mawe mapya. La pili ni asbesto. Majengo ya zamani ya serikali na ya misheni bado yanaweza kuwa na mapaa ya asbesto, na anayeyatia kwenye mtambo anawapulizia vibarua vumbi linaloweza kuwaua miaka mingi baadaye. Yakaguliwe kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa.

Wale kina mama wa kokoto wasitupwe pembeni mtambo ukifika. Kuchambua kifusi, kutenga tofali nzima na zege na mbao, ni kazi ya mikono na macho. Wapewe wao kwanza, kwa ujira wa siku, glavu na barakoa.

Pa kuanzia ni majengo ya umma, kwa sababu huko mwenye mali ni mmoja. Katika makadirio ya ubomoaji niliyowahi kuyashika, sijaona mstari wa kuchambua kifusi na kukipeleka yadi. Kuna «kusafisha eneo», basi. Wahandisi wanne wa halmashauri wakikaa meza moja kabla madiwani hawajapitisha bajeti ijayo, mstari huo unaweza kuingia kwenye kila darasa, zahanati na ofisi itakayovunjwa mkoani mwaka ujao, na yadi zikaanza kujaa wakati mtambo bado unatafutiwa fedha.