Kifaa Kizima, Programu Imeachwa: Tuliyoyaona Kwamsisi na Hukmu ya Muuzaji

 

Miezi michache iliyopita tulivuka kwenda Tanga kwa khitma ya wanafunzi wa madrasa moja ya Kwamsisi. Huenda wasomaji wa visiwani hawajui kwamba Kwamsisi ni mbili: moja ni kata ya Wilaya ya Handeni, nyengine ni kata ndani ya mji wa Korogwe. Sisi tulikwenda ile ya Handeni, kwa Wazigua. Maji huko si jambo la mzaha. Ule mradi wa HTM wa kuyaleta kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, wazee wanauzungumza tangu ujana wao. Kwa hiyo msikiti ukiwa na kisima, pampu na tangi lake, hiyo ni neema kubwa, na ni waqfu wa watu.

Tulipokwenda kutia udhu, bomba lilikuwa kavu. Mwalimu wa madrasa akatuomba radhi: "Samahani sana Sheikh, kile kidude cha simu kimekufa."

Kidude chenyewe ni kibao kidogo kuliko kiberiti. Kilikuwa kikipima maji ya tangi, kikiwasha na kuzima pampu, na kumpelekea mwalimu ujumbe kwenye simu. Fundi aliyekifunga alishahama na namba yake haipatikani. Kijana tuliyefuatana naye, anayesomea umeme, akakifungua. Taa inawaka, WiFi inashika, hakuna kilichoungua. Ila amri ya kuwasha pampu ilikuwa ikitoka kwenye seva ya mbali, na seva hiyo ilishabadilisha cheti chake cha usalama. Programu ya ndani ya kifaa, ambayo mafundi wanaiita famwea, ilikuwa inalijua cheti la zamani tu. Ikakataa kuzungumza na seva, na watu wakakosa maji.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu vibao hivi vimo majumbani mwetu bila ya sisi kujua. Chipu iliyokuwa ndani ya kile cha Kwamsisi inaitwa ESP8266, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ilienea kuanzia 2014, na kibao chake kiliuzwa kwa dola chache tu, wakati ambapo kukipa kifaa uwezo wa WiFi kulikuwa ni ghali. Ndiyo maana utaikuta kwenye soketi za kuwashwa kwa simu, taa, vipima joto, na kazi za wanafunzi wetu wa ufundi. Mradi wa sensors.AFRICA, uliopima vumbi la hewa katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, nao ulitumia vibao vya chipu hii. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ikaleta ESP32, yenye nguvu zaidi, na macho ya watengenezaji yakahamia huko.

Disemba 2019 Espressif ilitangaza kwamba ule msingi wa programu wa asili wa ESP8266 hautaongezwa jambo jipya, utarekebishwa makosa makubwa tu. Tusiwadhulumu: hawakuzima kifaa cha mtu. Na kazi nyingi ya kuiweka hai chipu hii imebebwa na watu wanaojitolea. Tasmota, iliyoanzishwa na Theo Arends wa Uholanzi, ni programu ya bure inayoweza kuwekwa badala ya ile ya kiwandani. Zipo pia ESPHome na MicroPython. Watu hawa wanatengeneza bure kitu ambacho wao hawakukiuza, na msikiti wa Handeni unafaidika. Hilo nalo ni la kushukuriwa.

Lakini kujitolea kuna mpaka. Ile sehemu ya programu inayoendesha WiFi yenyewe imefungwa, funguo zake anazo mtengenezaji. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alipoonyesha udhaifu wa KRACK katika ulinzi wa WiFi, na 2021 alipoonyesha mwengine, vifaa vya kila namna viliguswa, na dawa ya sehemu hiyo iliyofungwa lazima itoke kampuni. Mpaka wa pili ni kumbukumbu. Chipu hii ina kama kilobaiti 80 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na mazungumzo ya siri na seva za leo hula sehemu kubwa ya hizo. Nyumba inapoongezwa vyumba kila mwaka juu ya msingi ule ule, ipo siku fundi atasema basi.

Vyeti navyo vina ajali. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi sana kilimaliza muda wake, na vifaa vya zamani ambavyo havikupata sasisho vikashindwa kuunganika siku hiyo hiyo, vikiwa vizima kabisa. Sisi wa Tanzania tuna kumbukumbu inayofanana. Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia, mtu alilala na simu inayopiga akaamka na kipande cha plastiki. Aliyemuuzia alikuwa anajua? Wengine walijua.

Hapo ndipo linapokuja suali tunaloulizwa na wafanyabiashara wa Darajani na wa Chake Chake, hasa wale wanaoletewa mizigo ya mitumba na ndugu zao wa Dubai na Maskati: je, kukosa masasisho ni aibu ya bidhaa ambayo muuzaji ni wajibu aitaje?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy wameieleza aibu inayomrejeshea mnunuzi haki ya kurudisha kuwa ni upungufu wa kitu au wa thamani yake unaomkosesha lengo sahihi, ikiwa kwa kawaida bidhaa ya aina hiyo huwa haina upungufu huo. Tukipima kwa mizani hiyo, kibao kitupu anachonunua mwanafunzi ili aandike programu yake mwenyewe hakina aibu. Kila anayekinunua anajua ni cha zamani, na bei yake inasema hivyo. Soketi au kamera iliyokamilika ni jambo jengine. Mama wa nyumbani anainunua kwa kutarajia itafanya kazi na simu yake. Ikiwa seva yake imeshafungwa au mtengenezaji ameshaiacha siku ya kuuziana, na muuzaji anajua, basi anaficha aibu. Sote tunakijua kisa cha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kutia mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini. Mkavu juu, majimaji ndani. Mnunuzi akigundua ana khiyari ya kurudisha, lakini asikae nayo miezi akiitumia kisha ndipo adai.

Ama mtengenezaji akiiacha baada ya mauzo, muuzaji wa Darajani halaumiwi kwa yaliyotokea baadaye. Hapa sheria za wenzetu zimepiga hatua kuliko zetu. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji anatakiwa aseme masasisho ya usalama yatadumu mpaka lini. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria yake, na sehemu kubwa itaanza kufanya kazi Disemba 2027. Sisi TCRA inakagua vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, na tungependa kuona tarehe kama hiyo ikiandikwa juu ya boksi, kwa Kiswahili. Bila ya hivyo tunachelea bidhaa zilizokataliwa huko zitatafuta bandari zetu.

Kwa nadhiri wa waqfu hukmu ni nzito zaidi. Mafuqahaa wametanguliza matengenezo ya waqfu mbele ya matumizi mengine ya pato lake, na kwa maoni yetu nenosiri na nakala ya programu ni katika matengenezo, sawa na ufunguo wa stoo. Fundi asilipwe fungu la mwisho mpaka avikabidhi. Na kamati ikiuliza inunue kipi, jawabu letu ni kile kinachofanya kazi hata intaneti ikikatika. Pemba wanalielewa hili haraka. Umeme wao unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, wanajua maana ya kutegemea kitu cha ng'ambo.

Kule Kwamsisi, baada ya Ishaa, kijana wetu aliazima kompyuta ya mwalimu wa skuli, akakiunganisha kile kibao kwa waya na kukiwekea Tasmota. Sasa kinapokea amri ndani ya mtandao wa msikiti tu, hakitaki seva ya mbali. Mwalimu hakuridhika. "Sheikh, na wewe kijana wako akiondoka je?" Tukacheka, kisha tukaona ana haki. Nenosiri likaandikwa kwenye daftari la waqfu, ukurasa wa nyuma, na asubuhi yake likanunuliwa boya la kawaida la plastiki, lile la kukata pampu tangi likijaa, likafungwa sambamba na kibao.

Na Allaah Anajua zaidi.