Kiporo kwa Bei ya Chakula Kipya

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye dirisha la tiketi la ukumbi mmoja wa sinema hapa Dar es Salaam, na pesa niliyoibana kwenye posho yangu ya mwezi. Ukutani palikuwa na mabango matano. Manne yalikuwa na namba mwishoni mwa jina.

"Dada, hakuna kitu kipya?"

Akacheka. "Kaka, watu wanataka wanachokijua."

Nina ugomvi na sentensi hiyo.

Filamu 3 zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani mwaka 2024 ni Inside Out 2, Deadpool & Wolverine na Moana 2. Zote ni mwendelezo. Mwaka huohuo Barry Jenkins, ambaye Moonlight yake ilipata Oscar ya filamu bora, alituletea Mufasa, hadithi ya baba yake Simba. Sikatai, kiporo kitamu, hasa cha wali wa nazi. Lakini mama ntilie hawezi kukuuzia kiporo kwa bei ya chakula kipya, kisha adai wewe ndiye uliyekiomba.

Wenye studio wanasema hadithi mpya ni hatari. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Peele akapata Oscar ya mswada asilia. Haikuwa na sehemu ya kwanza wala mhusika tuliyemzoea. Ilikuwa na mswada ulioandikwa ukaandikika: kijiko kinachokoroga chai kinatisha kuliko dubwana lolote la kompyuta.

Kwa hiyo tusisingiziwe. Watu wanajua kile wanachoonyeshwa. Ukimnyima mtu embe miaka kumi, huwezi kusema hapendi embe.

Nami si msafi. Siku ile nilinunua tiketi ya filamu yenye namba. Nilipotoka nilikumbuka milipuko. Sikukumbuka hata sentensi moja ya mhusika yeyote. Na pesa yangu imeshahesabiwa: huko ofisini kwao, mimi pia ni mmoja wa watu wanaotaka wanachokijua.

Jumamosi ijayo nitarudi pale dirishani. Nikikuta mabango ni yaleyale, nitageuza na posho yangu mfukoni. Nakuomba nawe ugeuze. Ukumbi mtupu nao unahesabiwa.